Amoksilini ya mtoto: chupa ya maji, kidonge cha kuyeyusha au kapsuli?

Hili napambana nalo karibu kila siku hapa kaunta ya duka la dawa. Mama anaingia, mtoto mgongoni, cheti mkononi, kimeandikwa amoksilini na tarakimu zake, namuuliza "mama, tukupe ya maji au ya kuyeyusha?" basi ananiangalia kama nimempa mtihani wa hesabu, halafu linakuja jibu lilelile la siku zote, "nipe ile yenye nguvu."

Hamna yenye nguvu jamani. Miligramu 250 iliyo kwenye kijiko, iliyo kwenye kidonge na iliyo kwenye kapsuli ni 250 ileile, ikishafika tumboni inafanya kazi ileile. Kinachotofautiana ni safari ya kutoka kwenye boksi mpaka mdomoni kwa mtoto, na safari hiyo ndo inaharibika. Mtu anapewa dawa nzuri kabisa halafu nyumbani inapimwa kwa kijiko cha chai, au maji yamezidi, au siku ya 3 mtoto amechangamka na chupa inawekwa juu ya kabati ikisubiri mgonjwa mwingine.

Niseme mapema, haya ni kwa ambaye mtoto wake ameshaonwa na cheti anacho. Kama ni mafua tu ya kawaida, kamasi na kikohozi kidogo na mtoto anacheza, amoksilini haina kazi hapo maana mafua ni virusi na hii dawa inaua bakteria, hata ungenunua boksi zima. Malaria pia haitibu, nasema kwa sababu wapo wanaoichanganya na mseto wa malaria "ili iwe kamili".

Na swali moja linatangulia kabla ya maji wala kidonge: je huyu mtoto aliwahi kuvimba midomo au uso, kutoka vipele vya kuwasha au kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini, au kunywa ampiklosi au amoksilini? Amoksilini ni ukoo wa penisilini. Kama ndiyo, usichague chochote kati ya hivi 3, rudi kwa daktari umwambie abadilishe.

Nitazipimaje

Nimechukua mambo ambayo wateja wangu yanawakwamisha kweli. Urahisi wa kupata kipimo sawasawa. Kuandaa, yaani maji na usumbufu wake. Kutunza kwenye nyumba zetu hizi, friji ipo au haipo, joto la huku Tanga mnalijua. Mtoto mwenyewe kukubali. Halafu mfuko, lakini nikisema mfuko namaanisha hela ya dozi nzima, bei ya chupa moja inadanganya sana, utaona.

Ili tusiongee hewani tuchukue mtoto mmoja. Ana kilo 12, ana miaka 2, ameonekana ana nimonia isiyo kali, anatibiwa akiwa nyumbani. Muongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2014 uliifanya amoksilini ya kunywa kuwa dawa ya kwanza kwa nimonia ya aina hiyo (zamani wengi wetu tulipewa septrini, mnaikumbuka), na kwa uzito huo inakuwa miligramu 500 asubuhi na 500 jioni kwa siku 5. Jumla miligramu 5000. Ni mfano wa hesabu tu huu, wa kwako fuata cheti chako, maana koo au sikio vinaweza kuwa na dozi nyingine na siku nyingine, usije ukachukua ya huyu ukampa wako.

Chupa ya maji (unga wa kuchanganya)

Kupima: inategemea umepima na nini, ndo ukweli wenyewe. Chupa zinakuja za aina 2, kuna ya miligramu 125 kwa kila mililita 5 na kuna ya 250 kwa kila mililita 5. Kwa macho zinafanana, chupa saizi moja, unga rangi moja, saa nyingine hata boksi rangi moja. Ukizoea kumpa "vijiko viwili" na safari hii umeuziwa ile nyingine, umempa nusu au umempa mara mbili. Kwa hiyo unapoiuliza dawa yako usiulize vijiko vingapi, uliza mililita ngapi, na hakikisha namba iliyo kwenye chupa ndo aliyoipigia hesabu aliyekuandikia. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki, kimoja kinabeba mililita 3 kingine 6. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, ni bei chee, tena sisi kaunta tunaweza kukuchorea alama kwa kalamu, wewe unavuta mpaka kwenye alama basi. Faida kubwa ya maji iko hapahapa, mtoto wa kilo 5 au 7 akiandikiwa kipimo cha ajabuajabu kama mililita 3 na nusu, bomba linakupa hiyo 3 na nusu.

Kuandaa: hapa nikae kidogo maana ndo penye vituko. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, usiweke ya moto. Gongagonga chupa kwanza ule unga uachiane chini. Tia maji kama nusu, funga, tikisa mpaka hamna madonge, acha povu litulie, HALAFU ongeza maji mpaka kwenye mstari, tikisa tena. Ukijaza mara moja povu linakudanganya, unaona umefika mstarini kumbe bado. Na kila ukimpa mtoto, tikisa kwanza, dawa inashuka chini kama togwa, usipotikisa siku za mwanzo anakunywa maji na siku za mwisho anakunywa dawa yote.

Kuna mama alirudi kwangu siku ya 4 analalamika mtoto hapati nafuu, nikamwambia niletee chupa. Akaleta. Unga mkavu mtupu, umepungua robo. Kumbe alikuwa anachota unga kwa kijiko anaukorogea kwenye kikombe kila asubuhi, na mimi ndo niliyemuuzia, nilikuwa na foleni, nikamwambia "utachanganya na maji" nikamgeukia mwingine. Toka siku ile unga nachanganya mwenyewe mbele ya mteja, labda tu awe anasafiri mbali.

Kutunza: ikishachanganywa saa inaanza kuhesabu. Nyingi zimeandikwa siku 7, nyingine mpaka 14 zikikaa kwenye friji, soma ya kwako maana watengenezaji hawafanani. Amoksilini ya kawaida friji inasaidia ila nyingi zinavumilia sehemu ya baridi kivulini. Zikiisha siku zake mwaga, hata kama imebaki nusu chupa, hata kama inauma. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo, kalamu tu.

Mtoto mwenyewe: wengi wanaipenda, ina utamu na harufu ya matunda. Na hapo kuna hatari yake, mtoto wa miaka 3 anaiona juisi, iweke juu.

Mfuko: rudi kwa mtoto wetu wa kilo 12. Chupa ya mililita 100 ya ile 125 ina miligramu 2500 tu ndani. Anahitaji 5000. Kwa hiyo ni chupa 2, na kila dozi ni mililita 20, mtoto anameza mpaka anachoka. Ile ya 250 ni mililita 10 na chupa 1 inatosha dozi nzima. Wangapi wananunua chupa 1 ya 125 kwa sababu ni rahisi, inaisha siku ya 3 wanasema dozi imeisha? Wengi mno, hawana kosa, hamna aliyewapigia hesabu.

Inamfaa: mtoto mdogo mwenye kipimo kisicho cha namba nzima, anayetapikatapika vidonge, na nyumba yenye maji ya kuchemsha, sehemu ya baridi na mtu mmoja anayesimamia.

Kidonge cha kuyeyusha

Kwenye boksi utaona herufi DT, ni kifupi cha Kiingereza cha kidonge cha kuyeyusha. Hivi ndo mara nyingi utapewa zahanati au kituo cha afya kwa nimonia ya watoto chini ya miaka 5, vya miligramu 250.

Kupima: rahisi kuliko vyote kama kipimo chako ni kidonge kizima. Kwa ile nimonia, miezi 2 mpaka 12 (kilo 4 mpaka chini ya 10) huwa ni 1 kutwa mara 2, mwaka 1 mpaka 3 ni viwili kutwa mara 2, miaka 3 mpaka 5 ni vitatu kutwa mara 2. Hakuna mililita, hakuna mstari, unahesabu kwa vidole. Bibi asiyejua kusoma anaweza. Shida yake iko kichwani, mzazi akiona vidonge 3 kwa mara moja kwa mtoto wa miaka 4 anashtuka, "si atakufa huyu", anampa kimoja kimyakimya, nesi haambiwi. Jamani, mtu mzima naye anakunywa 500 kutwa mara 3, ni mahesabu ya uzito na ugonjwa tu, ukishtuka uliza usipunguze.

Kuandaa: maji safi kidogo sana, kijiko kimoja au viwili hivi, weka kidonge kwenye kikombe kidogo au kijikoni kwenyewe, subiri kiyeyuke, zungusha, mpe palepale. Kwa mchanga anayenyonya unaweza kutumia maziwa ya mama uliyokamua. Halafu suuza kikombe kwa maji kidogo umpe na hayo, dawa inabaki imeganda chini. Kosa ninaloliona ni mtu kuyeyusha kwenye bakuli zima la uji, mtoto anakula nusu anakataa, sasa amekunywa dawa kiasi gani? Hujui na mimi sijui. Na usiyeyushe za siku nzima ukaziweka kwenye chupa ya soda, kila dozi na wakati wake.

Kutunza: hapa kinashinda bila ubishi, kikiwa kwenye karatasi yake hakitaki friji, hakina siku 7, unakibeba kwenye mkoba toka Handeni mpaka Lushoto. Ila ukikitoa kwenye karatasi mapema kinavuta unyevu wa hewa na pwani huku unyevu ni mwingi, kinakuwa laini kinamung'unyika. Toa cha sasa hivi tu.

Mtoto mwenyewe: baadhi vina ladha, baadhi vinabaki na uchunguchungu na chengachenga mdomoni. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilikuwa namfunga mikono kwa kanga nikijua ndo ujanja, dawa inatoka puani wote tunalia. Wa pili nikajifunza kumkalisha wima, kuvuta kwenye bomba na kupitishia pembeni ya shavu kidogokidogo, anameza mwenyewe. Kumbe sikuwa na haja ya vita.

Mfuko: mtoto wetu wa kilo 12 anahitaji vidonge 20, yaani karatasi 2 za vidonge 10. Madukani mara nyingi dozi nzima inakuja rahisi kuliko chupa 2, ila si kila duka linavyo, wenzetu wanapenda kujaza rafu na chupa.

Inamfaa: wasio na friji, wanaokaa mbali, nyumba ambayo dawa inatolewa na watu zaidi ya mmoja, na mtoto ambaye kipimo chake kinaangukia kidonge kizima. Kama kipimo ni robo au theluthi ya kidonge, afadhali maji.

Kapsuli

Zile za rangi mbili. Kuna 250 na kuna 500, na rangi haikuambii kitu, kila kiwanda na rangi zake, soma maandishi.

Kupima: kwa anayemeza nzima, hakuna kipimo sahihi kuizidi. Kwa asiyemeza nzima, haina kipimo kabisa. Habari ya kufungua kapsuli ya 250 ukamwaga "nusu" ya unga kwa mtoto, hiyo nusu umeiona kwa macho gani?

Kuandaa: maji glasi nzima, mtu amekaa au amesimama, asimeze amelala ikaja kukwama kooni. Kula kabla au baada haina shida kwa amoksilini, ingawa kama tumbo linachafuka meza na chakula.

Kutunza: pakavu, mbali na jua. Siyo juu ya friji nyuma kule kwenye joto, siyo dirishani.

Mtoto mwenyewe: hapa umri haunisaidii sana, nimeona wa miaka 7 anameza vizuri na wa miaka 13 analia. Mjaribu kwanza kumeza tonge dogo la ugali laini bila kutafuna, akiweza hilo mara nyingi kapsuli anaiweza.

Mfuko: kwa kawaida ndo rahisi. Na ndo maana inatumika vibaya kuliko zote, watu wananunua 4 "za kuanzia". Kuna na wanaofungua kumwagia unga kwenye kidonda, shangazi yangu mmojawapo, kidonda hakiponi kwa hiyo na ngozi inaweza kuzoeshwa aleji ya penisilini, siku ukiihitaji kweli ndani ya mwili inakukataa.

Inamfaa: mtoto mkubwa anayemeza, kijana wa shule ya bweni, mtu mzima.

Yanayozihusu zote 3

Saa. Kutwa mara 2 ni kila baada ya saa 12, mathalani saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kutwa mara 3 ni kila saa 8, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, siyo asubuhi mchana na saa 11 jioni kisha usiku mzima mtupu. Ukisahau mpe ukikumbuka, ila kama dozi inayofuata iko karibu endelea na hiyo, usimpe mbili kwa pamoja. Akitapika muda mfupi baada ya kunywa, tuseme ndani ya nusu saa, kwa kawaida inarudiwa, ikiendelea kutoka kila mara hiyo siyo ya kubishana nyumbani, mrudishe hospitali.

Kuhara kidogo kunatokea, mpe maji na ORS, anyonye kama kawaida. Ukiona damu kwenye choo, au uso unavimba, au pumzi inabana, acha dawa, ondoka muda huohuo kwenda hospitali.

Halafu kuna chupa nyingine jina linafanana, amoksilini iliyoongezwa klavulaniki. Hiyo siyo "amoksilini kali" ya kubadilishana kienyeji. Ina kitu cha pili ndani, inaharisha zaidi, na ya maji ikishachanganywa inataka friji kwelikweli na siku zake ni 7. Kama cheti hakijaandika hivyo usikubali kubadilishiwa kwa sababu ya "ile imeisha".

Sasa wewe uko wapi

Kama huna friji, maji ya kuchemsha ni ya kuvizia na mkaa ni wa kuhesabu, anza kuulizia ya kuyeyusha, na kama ni huko vijijini kuna Maduka ya Dawa Muhimu (yale yalianzia Ruvuma 2003) yanaruhusiwa kuuza amoksilini kwa cheti, waulize wakuagizie kama hawana.

Mtoto ana miezi 5 na daktari kaandika mililita zenye nukta? Maji, bomba lenye alama, na unga uchanganyiwe dukani ukiangalia.

Umeandikiwa dozi kubwa na duka lina chupa ya 125 tu, piga hesabu ya jumla kwanza hapohapo kaunta, chupa 2 au 3 zikitoka bei moja na ya kuyeyusha basi tumbo la mtoto litakushukuru ukichukua vidonge. Na zote zinatakiwa zinunuliwe, ila chupa ya pili usiichanganye mpaka ya kwanza iishe.

Mtoto wa miaka 9 au 10 yuko katikati, anaweza kapsuli leo kesho hataki. Nunua kulingana na leo, na mwambie mwuzaji, kuna ya kuyeyusha inayoweza kufikisha kipimo chake pia.

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au anayehema haraka, usichague kitu dukani, ni hospitali. Hivyohivyo mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au amelegea hashtuki. Na aliye tayari kwenye dawa ukimhesabu akiwa ametulia pumzi zake zinafika 50 kwa dakika (miezi 2 mpaka 12) au 40 (mwaka 1 mpaka 5) na siku 2 zimepita bila nafuu, mrudishe akaangaliwe upya, usiongeze dozi mwenyewe.

Na kama mtoto anashinda kwa bibi, wewe unarudi kazini saa 2 usiku, chukua ya kuyeyusha ukiweza, bandika kikaratasi ukutani chenye siku 5 na vibox 2 kila siku, jua na mwezi vichorwe juu yake. Anayempa dawa anachora mkwaju. Box likiwa tupu, ujue hajapewa.